Mutu Aliyetengeneza Karbirateri Yangu Kibumba

Mashahidi niko nao wawili, na wote wako hai: dada yangu Furaha, na Mama Kahambu, muuza maharagi wa Butembo. Waulize kila mumoja kwake, usiwaweke pamoja. Watakuambia vile ninavyokuambia. Mimi ni fundi wa magari hapa Goma, nimechoka, na mutu aliyechoka hana nguvu ya kutunga uongo.

Ilikuwa katika ile vita ambayo watu wa Rutshuru walishuka Goma na magodoro kichwani. Nilikuwa nimeenda Rumangabo kumuchukua Furaha, mimba yake imefika mwisho, na mabomu yanasikika nyuma ya vilima. Gari yangu ilikuwa jeep ya wakati wa baba zetu, mashini yake ya karbirateri, kile chombo kinachochanganya petroli na hewa. Mama Kahambu tulimukuta barabarani na gunia moja lililomubakia. Akaomba nafasi, akapanda nyuma pamoja na Furaha.

Kufika Kibumba gari ikaanza kukohoa, ikatoa moshi mweusi, ikazima. Jua lilikuwa halijazama, lakini ukungu ulikuwa umeshuka kutoka kwenye volkano hata huoni makoro, yale mawe meusi ya volkano, kando ya barabara. Watu waliokuwa wanatembea mbele yetu wakapotea mumo humo.

Nikafungua kapo, kile kifuniko cha mashini. Gari ya namna hii ikizima, fundi yeyote anafikiria uchafu kwanza, maana esansi yetu, petroli ya kuuziwa kwenye chupa, haikosi maji na muchanga. Nikatoa jikleri, kile kitundu kinachopimia mashini esansi yake, nikakipuliza kwa mudomo, nikarudisha. Ikawaka, ikazima tena. Nikatoa mabuji, yale yanayotoa cheche za kuwasha esansi. Yalikuwa yamelowa, meusi, yananuka esansi. Kumbe haikuwa na njaa, ilikuwa inakunywa kupita kiasi. Lakini kwa sababu gani? Akili yangu haikutulia. Nyuma yangu Furaha alikuwa anauma meno, na Mama Kahambu akanijulisha kwa sauti ya chini kwamba uchungu umeshaanza, kwamba nisikawie.

Nilipoinua kichwa, mutu alikuwa amesimama upande wa pili wa kapo. Niamini, sikusikia mguu wake, na makoro yale hakuna anayeyakanyaga bila kelele. Alikuwa mwanaume wa makamo, mwembamba, amejifunika shitingi ya buluu, ile plastiki waliyokuwa wanagawia wakimbizi zamani. Nikafikiri ni mukimbizi kama sisi. Siku ile ungefikiri nini kingine?

"Papa, acha kuwasha," akasema. "Unaizamisha. Toa floteri, uitikise kwenye sikio."

Floteri ni kile kibuyu kidogo cha shaba kinachoelea ndani ya karbirateri na kufunga esansi inapojaa. Nikaitoa, nikaitikisa, nikasikia esansi inacheza ndani yake. Ilikuwa imetoboka, imejaa, haiwezi tena kuelea, kwa hiyo hakuna kilichokuwa kinafunga kitu.

Akanyoosha mukono, nikamupa. Vidole vyake vilikuwa vya baridi mpaka nikarudisha vyangu haraka. Akaikamata floteri katika viganja viwili, akafunga macho, na esansi ikaanza kutoka tone kwa tone kwenye katundu ambako mimi sikuwa nimekaona. Ilipokwisha akaomba sabuni. Mama Kahambu akatoa kipande cha sabuni ya kufulia, naye akakikandika pale palipotoboka. Hapo nilielewa, maana sabuni tunaitumia hata sisi kuziba tanki njiani. Nikafunga kila kitu. Gari ikawaka, ikatulia, hakuna moshi.

Nikamuuliza anaelekea wapi. Akajibu kwamba ni Munigi, watu wake wote wako pale. Akapanda nyuma.

Hatukuenda mbali, akaomba maji. Mama Kahambu akamupa bidoni yake ya njano. Akanywa bila kupumua mpaka ikawa tupu, akaomba tena. Furaha, katika uchungu wake, akamupa chupa yake. Nayo akaimaliza. Baadaye Mama Kahambu alinieleza kwamba maji yalikuwa yanatokea chini ya ile shitingi na kumulowesha miguu, kana kwamba yanapita tu ndani ya yule mutu. Hakutaka kumutisha Furaha. Mimi pale mbele nilimusikia tu anauliza kwa upole kama kamyo ya kuleta maji imefika kambini.

Kambi gani? Zile kambi za wakimbizi za Munigi zilivunjwa zamani. Wa umri wangu tunakumbuka kolera ya mule, na mashimo walimozikwa watu pamoja, na chokaa waliyomwagiwa juu.

Tulipofika Munigi akagonga bati ya gari, nikasimama. Hapakuwa na nyumba, ni makoro na majani tu. Akaja kwenye dirisha langu.

"Unaitwa nani, papa? Nipate kukukumbuka."

Mutu amekusaidia, utamunyima jina? Nikamuambia langu na la baba yangu. Akayarudia polepole, akaingia katika ukungu. Pale alipokuwa amekaa kulibaki unga mweupe. Mama Kahambu akaugusa, akaunusa, akafanya alama ya musalaba. Ilikuwa chokaa.

Furaha alizaa usiku huo mutaani kwetu Keshero, mutoto wa kike, wote wazima. Asubuhi nikafungua karbirateri nipate kuchomea floteri vizuri. Sabuni haikuwepo, hata alama yake. Floteri ilikuwa imejaa esansi kabisa. Wewe usiye fundi, elewa: na floteri ya namna ile gari haifiki hata kwenye kona.

Ingeishia hapo ningeshukuru. Lakini tangu mwaka ule madereva nisiowajua wanakuja kwenye garaje yangu, wa kamyo na wa moto, zile pikipiki za abiria, wanaulizia jina langu na la baba yangu. Wanasema ukungu uliwakuta Munigi, mutu mumoja akawasaidia vizuri, akawatuma wanisalimie. Mwanzoni zilikuwa salamu tu. Kisha akaanza kuuliza ninakaa wapi. Kijana mumoja, asiye na ubaya, alimuelekeza mpaka kwenye mulango, akidhani ni ndugu yangu. Tukahama Keshero, tukaja huku mutaa wa Katoyi, na salamu zikatufuata. Padri alikuja akatuombea. Muke wangu anataka twende Beni, lakini nako kuna vita. Nitakimbia mpaka wapi? Sijui kama huyu mutu ananitafuta kwa ubaya. Pengine ni kiu tu. Hata hivyo usiku silali, ninasikiliza mulango.

Basi wewe unayepita barabara ile na gari ya zamani, unisikie. Ikizima katika ukungu na mutu akakusaidia, mushukuru, mupe maji yote uliyo nayo, mufikishe anapotaka. Jina lako ubaki nalo. Na akikutuma salamu kwangu, nakuomba, sema hunijui.