Matawi Kwenye Ndoo ya Kanisa

Ua la tarumbeta, kwa asiyelijua, ni refu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole, linaning'inia likiangalia chini, na jioni harufu yake inaingia mpaka jikoni. Mti wenyewe ni sumu, majani, mbegu na kila kitu, na hata mbuzi wa Kasulu, ambao hula mpaka daftari za wanafunzi, waliupita bila kuugusa. Kwa hiyo kila jirani aliniuliza nimepanda nini kisicholiwa na mtu wala mnyama. Nilijibu miaka miwili, nikachoka.

Nilitoka nao Lushoto. Mama alipofariki na kiwanja kuuzwa, nilifika nikakuta mnunuzi ameshafyeka ua wote na kurundika matawi mahali pamoja. Katika rundo lile kulikuwa na miti miwili ya tarumbeta: wa mama, uliosimama nyuma ya jiko, na wa jirani, uliokuwa umeegemea uzio wetu. Wa mama ulikuwa na maua ya waridi, wa jirani meupe. Hivyo ndivyo tulivyojua sote tangu utoto. Lakini siku ile hapakuwa na ua hata moja, na vijiti vikishakatwa vinafanana. Nilichomoa kimoja, nikakizungushia gazeti lililoloa, nikarudi nacho kwenye kituo changu cha kazi hapa Kasulu huku nikiomba kiwe cha mama. Kingine cha mama cha kupanda sikuwa nacho.

Nilikipanda uani kwenye nyumba niliyopanga. Kilirefuka mwaka mzima bila ua, kikawa kinanitia hasira kila nikikitazama. Baadaye nikaambiwa tarumbeta halichanui mpaka shina ligawanyike mara mbili kama manati, nami kwa papara nilikuwa nimebeba kipande cha chini, cha kabla ya kugawanyika. Basi nikangoja manati.

Lilipochanua mara ya kwanza, ilikuwa Ijumaa jioni. Jeupe. Nilisimama pale na kikombe cha chai mpaka chai ikapoa. Nilimtumia dada yangu picha, naye hakunionea huruma hata kidogo: hilo la jirani, akasema, umebeba la watu.

Kesho yake mchana maua hayakuwepo. Bibi mwenye nyumba wangu, mama mtu mzima wa Heru Juu anayeishi nyumba ya mbele, alikuwa amekata matawi matatu pamoja na vikonyo vyake, ameyatia kwenye ndoo ya maji na kuyapeleka kanisani. Yeye na kina mama wenzake ndio wanaopamba madhabahu kila Jumamosi, na maua meupe makubwa kiasi kile hawajawahi kuyapata. Alinieleza kwa furaha kabisa, akipiga makofi taratibu kama wanavyosalimia watu wa huku, wala haikumpitia akilini kwamba angeniuliza kwanza.

Ningesema nini? Mimi Mwislamu, mgeni, tena mpangaji. Ningemnyima bibi maua ya kanisa, habari ingefika sokoni kabla yangu. Tena kiangazi nilipokwenda likizo ni yeye aliyeumwagilia mti ule, na hakuacha kunikumbusha kwamba tumeulea wote. Nilichoweza kumwambia ni kwamba anawe mikono akishaukata, asije akajifikicha macho. Akacheka, akasema muhogo mchungu nao ni sumu na ameumenya maisha yake yote.

Mara ya pili nilikuwa Kibondo wiki nzima nikisimamia mtihani. Bibi alinipigia simu kunipa habari njema: yamechanua mengi, meupe, na ameshayachukua. Niliporudi nikakuta mti una upara. Mara ya tatu yalichanua siku moja kabla ya harusi ya kanisani kwao, na mimi sikuuliza yameenda wapi. Kwani ya nini? Yalikuwa meupe. Nilikuwa nimebeba mti wa jirani toka Lushoto hadi Kasulu, nikaulea miaka miwili, na wa mama ukaishia kwenye rundo.

Mara ya nne ilikuwa Ijumaa tena, na Jumamosi bibi akaja na panga lake kama kawaida. Jioni dada akapiga simu, akaniuliza huku akicheka kama bado naulea ule mti wa watu. Sikulala vizuri. Jumapili asubuhi bibi akiwa kanisani nilichukua jembe nikaung'oa. Ulinitoa jasho. Nilikata shina vipande, nikapanda maharage pale pale, na Jumatatu nilichoma takataka zote, vipande vile vikiwemo. Nilijisikia vizuri, sitaficha.

Jumatano bibi alirudi kutoka kwenye sala ya katikati ya wiki, amenuna. Hata pale ulipokuwa mti hakupatazama. Alisema maua yangu yamewaaibisha. Waliyaweka meupe, na leo wamefungua kanisa wakakuta yamebadilika. Tena si mara ya kwanza, hata yale ya mwanzo yalifanya hivyo, ila yeye alinyamaza kwa kunistahi.

"Yamebadilika vipi, bibi?"

"Yamekuwa mekundu yale ya kupauka. Kama ufizi wa mtoto."

Nilikaa chini penye kizingiti. Miti ya mama na ya jirani ilikuwa imeingiliana matawi juu ya uzio, na kila ua jeupe, hata la mama lililochanua jana yake, tulilihesabu la jirani, kila la waridi la mama. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulitazama ua moja siku tatu mfululizo. Na mimi niliyekuwa na mti mzima mlangoni sikulitazama pia. Nilitazama jioni moja, nikakasirika.

Nilimwambia bibi kwamba nimeuchoma. Nilimwambia ulikuwa wa nani. Hakunipa pole. Aliniambia nivae viatu.

Tulikwenda kwa bodaboda moja, yeye katikati. Kina mama walikuwa wameshaitoa ndoo nje, karibu na shimo la taka, na matawi matatu yalikuwa bado ndani. Maua yalikuwa ya waridi, yamelegea kidogo, rangi ile ile ya nyuma ya jiko letu. Nililia mbele ya watu nisiosali nao, na mmoja wao akanishikia ndoo.

Bibi ndiye aliyepanda. Alikata matawi vipande sita kama anavyokata mbegu za muhogo, akainua matuta, akavilaza mshazari, macho ya kuchipulia yakiangalia juu, bila kunishirikisha. Vitatu alivipanda pale nilipokuwa nimeweka maharage, akayafukua maharage yangu bila kuuliza. Vitatu vingine alivibeba mpaka mbele ya dirisha lake. Nilimfuata nikamuuliza kama hivyo ni vya kanisa.

"Hivi ni vya mama yako," akasema. "Hivyo vya kwako, ukikasirika tena, ng'oa."