Salfa ya Mwalimu Barasa

Kwa miaka kumi na saba Erastus Shitanda alitunza maabara ya shule moja ya wavulana mjini Kakamega. Wazungu walimwita boi. Majirani wa mtaani Amalemba walimwita mwalimu, naye hakuwasahihisha. Alijua fosforasi nyeupe hulazwa majini isije ikawaka, na kwamba nyekundu, ndugu yake wa tumbo moja, hukaa kavu chupani bila matata.

Mwaka uliofuata uhuru, Mzungu wa kemia alifunga virago. Erastus akapiga pasi suruali yake, akingoja kuitwa kushika nafasi hiyo. Aliyeletwa ni Barasa, kijana ambaye Erastus mwenyewe alimfundisha kushika neli ya kioo juu ya moto, sasa ana shahada na koti jeupe. Kila alipolifua koti hilo, Erastus aliisugua kola kama anayeitafutia kosa.

Ijumaa moja Barasa alichemsha salfa hadi ikawa nyeusi, akaimimina katika maji baridi. Zikatoka kamba za kahawia, zinavutika kama mpira.

“Mzee, ziweke kabatini. Jumatatu mkaguzi akiziona, nitathibitishwa kazini.”

“Ndiyo, mwalimu.”

Erastus alijua salfa ile haidumu katika umbo hilo; baada ya siku mbili tatu tu hurudi kuwa ngumu, ikavunjika. Maneno yalimfika mdomoni, akayameza.

Nyumbani hakugusa ugali. Mkewe Jescah akamhoji hadi akasema.

“Na hukumwambia?”

“Ana shahada. Imwambie.”

“Baba Ayuma, kwani ni yeye alikunyima shule?”

Jumatatu, mbele ya mkaguzi, Barasa alivuta kamba. Ikakatika pap! Akashika nyingine, ikamwagika unga wa manjano mezani.

“Mwalimu, mpira umezeeka!” mvulana mmoja akapaza sauti, darasa likaangua kicheko.

Erastus aliungoja utamu wa aibu ile. Aliona tu Barasa akiukusanya unga ule kwa viganja. Akawasha jiko, akayeyusha salfa mpya, akaimimina majini taratibu, uzi mwembamba usiokatika. Mkaguzi akaivuta, akacheka, akaandika, akampa mkono Barasa. Erastus hakupewa.

Wavulana walipotoka, Barasa alisimama karibu na sinki.

“Mzee, ulijua tangu Ijumaa?”

“Nilijua.”

“Mbona ukaninyamazia?”

Erastus alisugua bakuli lililokwisha takata. “Ningekuwa na shahada yako, mwanangu,” alisema, “nisingemhitaji mtu kama mimi aniambie.”

Barasa alichukua kitambaa, akaanza kukausha vyombo. Erastus akampokonya.