Mlango Uliowekwa Karantini

Sikiliza nikueleze taratibu. Ukipotea mahali nirudishe nyuma, sina haraka. Miaka ya korona nilikuwa mpishi na mlezi katika bweni la kanisa huko Doonside, kitongoji cha Sydney. Wasichana wetu walikuwa watoto wa wenyeji wa asili wa Australia, waliotoka miji ya mbali kuja kusoma Sydney. Mimi mtu wa Tanga, wao wakaniita Anti, kama wanavyomwita kila mama wa kwao.

Bweni halikuwa na kitabu cha historia. Lilikuwa na mlango wa jikoni. Tangu zamani, kila msichana aliyefika alisimamishwa pale bila viatu, akapigiwa mstari wa penseli usawa wa utosi, na jina likaandikwa kando.

Ikaja barua ya kamati ya kanisa: kila kinachoguswa na wengi kipakwe rangi mpya, au kitengwe siku kumi na nne. Fundi rangi angekuja Ijumaa.

Msichana wa kidato cha mwisho akasukuma bakuli lake la uji. Bibi yake aliishi bwenini humo alipokuwa msichana. Sasa anaumwa huko kwao, mipaka ya majimbo imefungwa, na ameomba jambo moja tu: auone mstari wake. Tulishautafuta bila kuuona. Mistari mingi ya chini niliifuta mimi mwenyewe kwa jiki, nikidhani naokoa maisha.

"Anti, wakipaka rangi je?"

"Hawapaki, mwanangu. Barua imetupa njia mbili. Tushike ya pili."

Tukaung'oa mlango, tukaubeba watu wanne, kila mmoja na kona yake ili tusikaribiane, tukaulaza kitandani katika chumba cha wagonjwa. Nikajaza fomu. Dalili: hakuna.

Mwenyekiti wa kamati, mzee mpole asiyeruka hata kisanduku kimoja cha fomu, akawa anapiga simu kila asubuhi.

"Mlango unaendeleaje?"

"Hauna homa, mwenyekiti."

"Anayeingia anavaa barakoa?"

"Anavaa."

Siku ya tano msichana akampigia bibi yake kwa video.

"Mnatafuta chini mno," bibi akasema. "Nilikataa kuvua viatu. Walishaninyang'anya mengi siku ile waliyonileta."

Tukautazama upande wa juu, kule ambako kitambaa changu hakikufika. Jina lake lilikuwepo, na kando yake mlezi wa enzi hizo kaandika: *na viatu*.

Bibi akacheka mpaka akakohoa. "Haya, na wewe upimwe. Na viatu!"

Msichana akajilaza juu ya mlango, buti mguuni, nami nikapiga mstari. Vidole viwili chini ya wa bibi.

"Mfupi wewe!" simu ikapiga kelele.

Siku ya kumi na nne mwenyekiti akaandika kwamba mlango umepona na hauhitaji rangi. Tukaurudisha kwenye bawaba zake.

Na wewe leo msimamishe mtu wa nyumbani kwako mlangoni, piga mstari wa penseli, andika jina lake. Akikataa kuvua viatu, andika na hilo.