Pumzi Juu ya Kiti

Nilipostaafu kiwandani, Mungu alinijalia nguvu za kuendelea kupiga rangi samani nyumbani, Makadara. Nilinunua kompresa kuukuu, mashine ya kusukuma hewa ya kunyunyizia rangi, nikaiweka kwenye banda la nyuma. Rangi nilipigia barazani mbele, kwa hiyo paipu ya hewa ilibidi ipite sebuleni, ukutani, juu ya kiti cha mke wangu. Mguu mbovu ulimweka hapo kutwa. Nilitumia paipu ya plastiki iliyobaki tulipovuta maji. Niliijaza maji kwanza kuijaribu. Haikutoa hata tone, nikashukuru.

Siku ya tatu akaniita. "Mzee, kuna mtu anapumua hapa."

Nilikuwa nimezima mashine. Nikatega sikio. Pumzi ndefu, kimya, kisha nyingine fupi.

"Ni hewa tu, mama."

"Hewa haichoki. Huyo amechoka."

Nikapaka povu la sabuni kwenye viungo vya paipu, kama tunavyopima mtungi wa gesi. Kwenye kona moja povu likavimba taratibu, kama koo la mtu anayetaka kusema, likapasuka, likavimba tena. Nikaziba. Kesho yake sauti ilikuwa imesogea. Sasa ilitoka juu ya kichwa chake kabisa.

"Usipomtoa, nahamia kwa binti yetu Kware," akasema.

Nimefundisha katekisimu miaka mingi. Sikumwita fundi, niliwaita akina mama wa jumuiya yetu ya kanisani waje kusali. Walikuja Jumamosi mchana. Kwetu chombo hubarikiwa kikiwa kazini, hivyo nikawasha mashine mpaka tangi likajaa hewa, ndipo nikazima kelele tusali, hewa ikibaki imejaa kwenye paipu. Kila tulipomaliza Salamu Maria na kunyamaza, ukuta ulivuta pumzi. Mama mmoja akafungua jicho.

"Mzee, huyu mwanajumuiya mwingine ametoa sadaka?"

Wakacheka kidogo, wakaacha ghafla.

Walipoaga, mke wangu akashika fimbo awasindikize.

"Na huo mguu?"

"Wageni wangu waondoke peke yao kama wezi?"

Tulikuwa tumefika langoni nyumba iliponguruma nyuma yetu. Niliporudi ndani, vumbi la chokaa lilikuwa bado linashuka. Paipu ilikuwa imepasuka vipandevipande, na kimoja, kirefu kama kisu, kilikuwa kimezama kwenye kiti, pale shingo yake hukaa.

Akaingia polepole, akina mama nyuma yake, akakitazama kile kipande.

"Alikuwa ananionya?"

 Nililojua ni kosa langu. Paipu ya maji ikishindwa huvuja tu, lakini ikijazwa hewa hurusha vipande. Nikamwomba msamaha mbele ya wale akina mama.

"Kiti nitakihamisha," nikasema.

"Kiti kiache. Ng'oa hiyo paipu yote, sasa hivi."

Nikaleta ngazi. Akaishika kwa mikono miwili, nami nikapanda na msumeno.