Salongo ya Fiston kwenye seva: log unaimwaga, huifuti

Wakuu, poleni na mihangaiko. Hili nimelishuhudia mwenyewe hapa Likasi, Kongo, sijatia chumvi.

Nahudumia kompyuta za kliniki moja ndogo. Jumamosi asubuhi huku ni salongo, ile kazi ya pamoja ya kufagia na kuzibua mitaro. Fiston, mwenzangu wa mapokezi, alimaliza uani akaona na seva nayo ipigwe fagio, maana diski ilikuwa imejaa.

Akakuta log moja, faili ambamo programu huandika kila inachofanya, nene balaa. Akaipiga rm, amri ya kufuta.

Kumbe wapi! Diski ikabaki imejaa vilevile, na mafaili ya wagonjwa yakagoma kufunguka.

Kwenye benchi la kusubiri alikuwepo Mama Béa kutoka Kambove, amempakata bintiye Grâce, mgonjwa wa siko seli. Mtoto amepauka, anahitaji damu. Mara iliyopita damu aliyowekewa ilimdhuru, na daktari hakuthubutu kumwekea nyingine kabla ya kusoma kilichotokea. Maelezo yako kwenye seva.

Fiston akanijia mbio kukiri kuwa ni yeye aliyeharibu. "Kaka, njo minye naliharibu. Nalitaka tu kusafisha."

Jamani, nilimhurumia. Wangapi humu tungefanya hivyohivyo?

Iko hivi: programu ikiwa bado inaandika kwenye log, rm inaondoa jina tu. Faili lenyewe limeshikiliwa, nafasi hairudi. Kuizima programu wakati diski imejaa niliogopa, ingeweza isiamke tena.

Nikatumia lsof kuona nani kalishika lile faili, nikalimwaga humohumo lilipo:

: > /proc/812/fd/5

(Namba zako zitakuwa tofauti, usinakili kama kasuku.)

Nafasi ikarudi pale pale. Daktari akasoma, ikatafutwa damu inayomfaa Grâce, akaongezewa.

Mama Béa akamshika Fiston mkono, machozi yanamtoka, akimwita Papa kwa heshima ya huku. "Papa, minye naliwaza mulisha kufuta mutoto yangu."

Yaani alidhani tumeshamfuta mwanawe. Mimi nilitoka nje kidogo.

Somo: log ya programu inayotembea usiipige rm. Andika hivi tu:

> app.log

Faili linabaki, yaliyomo yanaondoka, programu haishtuki.

Jioni Grâce aliomba bukari, ugali wa huku, na akaumaliza.

Mwenye njia bora zaidi, kama logrotate inayopunguza log yenyewe na kadhalika, amwage hapa chini. Fiston anausoma huu uzi, kwa hiyo wa kumcheka apite kimya kimya.