Majina Ukutani, Shule ya Kakontwe

Mwandiko wa Mwalimu Athanase ulikuwa mzuri kiasi kwamba wakaguzi wa elimu waliokuja kutoka Likasi waliomba kuiona rejista yake kabla ya kuona wanafunzi. Kwa miaka kumi na tisa aliijaza vilevile, katika shule ndogo nyuma ya machimbo ya chokaa ya Kakontwe: jina la mtoto, jina la baba, na asili, yaani kule alikotoka babu. Hakuna aliyeuliza asili ni ya kazi gani. Athanase mwenyewe alizaliwa Likasi, na Kasai, mkoa wa mbali, aliijua kwa masimulizi ya baba yake tu. Hata hivyo, mbele ya jina lake mwenyewe, kwenye safu ile, aliandika Kasai.

Julai 1992, parokia ilimpokea Carine, mwanafunzi wa Kibelgiji aliyekuja wakati wa likizo kuikarabati shule. Alitaka kuchora ramani ya Zaire kwenye ukuta unaotazama barabara, na kuandika jina la kila mtoto pale walipotoka babu zake.

"Waone kwamba shule yao ni nchi nzima," alisema.

Athanase alifurahi. Alimsomea rejista ukurasa kwa ukurasa. Walimu waliandikwa juu ya ramani, kila mmoja na asili yake, jina la Athanase likiwa la kwanza.

Agosti, maneno ya mikutano ya mjini yalibadilika. Watu wenye asili ya Kasai waliitwa bilulu, wadudu, na kuambiwa warudi kwao. Asubuhi filimbi zilisikika kutoka kiwanja cha mpira, ambako vijana wa mikutano hiyo walifundishwa kutembea kwa mistari.

Wiki ya kwanza ya Septemba, Athanase alimkuta kijana mbele ya ukuta, daftari mkononi, filimbi shingoni. Alikuwa Magloire, mwanafunzi wake wa zamani wa darasa la tatu.

"Unaandika nini, Magloire?"

"Bonjour, mwalimu. Njo weye ulitufundisha kunakili, hapana?" Akacheka. "Kazi muzuri hii. Tulikuwa tunasumbuka kujua nani iko wa wapi. Leo nimefikisha kumi na mbili. Kesho narudia na bengine."

"Umeanza na nani?"

"Na weye, mwalimu. Uko juu kabisa."

Alisema bila hasira yoyote, kama mtu anayetoa jibu la hesabu.

Magloire alipoondoka, Athanase alikoroga chokaa ndani ya ndoo na kuanza kuupaka ukuta. Carine alitoka darasani mbio.

"Mwalimu, watoto wameifanyia kazi wiki tatu!"

Athanase alimweleza polepole, kwa Kifaransa. Carine akakaa chini.

"Basi ni kosa langu?"

Athanase alimpa brashi ya pili. Hadi adhuhuri walikuwa wamepaka mara mbili, na majina bado yalionekana kwa mbali. Wakapaka mara ya tatu.

Kisha akaenda nyumbani kumwambia mkewe, Germaine, afunge mizigo. Kutoka hapo akapita nyumba zile nyingine kumi na moja alizozisoma kwenye daftari la Magloire. Kwenye kila mlango alisema neno moja: wasilale hapo leo. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Evariste, mvunja mawe, baba yake Princesse wa darasa la nne. Filimbi zilikuwa zimekwisha kutoka kiwanjani. Sasa zilisikika barabarani.

Evariste alikuwa anakunja godoro.

"Tunaenda gare," alisema. "Treni hakuna, lakini bantu biko mingi pale. Mwalimu, nani alibapatia majina yetu? Mutoto wangu alizaliwa hapa. Hata jirani hakujua tunatoka wapi."

Athanase angeweza kumtaja Carine, ambaye Jumapili angepanda ndege kurudi kwao.

"Ni miye," alisema. "Nilimusomea rejista yote."

Mke wa Evariste aliacha kufunga sufuria. Filimbi zikafika kwenye kona ya shule. Evariste akamrushia mwalimu ncha ya kamba ya kufungia godoro.

"Shika pale," alisema. "Kaza."