Maharagwe ya Matanga ya Wakoli

Nabwile hakuwa mtu wa maneno mengi, na hilo ndilo lililomponza. Isemwe mapema, maana huko Kachibora watu wameshasema yao: ati mama yule ni mchoyo, ati aliwauza wenzake kwa sababu ya matanga. Upuzi mtupu! Wanaosema hivyo hawajawahi kukaa chini kando ya jeneza la mume huku shemeji anazunguka nyumba akitafuta cha kulisha umati.

Shamba lenyewe lilikuwa la jumuiya, kwenye mteremko juu ya kijito. Familia za hapo, Wabukusu kwa Wakalenjin, walilichukua likiwa limechoka kabisa. Udongo wa juu ulikuwa umeteremkia mtoni, na mikaratusi ilikuwa imekunywa kijito hadi kikabaki matope. Waling'oa mikaratusi, wakapanda mikuyu na mianzi ukingoni, wakachimba matuta ya fanya juu ya kuzuia udongo usihame, wakalundika mboji. Watu wa mahindi ya biashara waliwacheka mpaka wakachoka. Kisha maji yakarudi kijitoni, akina mama wa mtaa wa Tuwan wakaanza kuja kutoka Kitale kuchukua mboga za saga na mrenda, na kicheko kikaisha.

Kilichoshikilia yote hayo kilikuwa maharagwe. Yalikuwa madogo, ya rangi ya majivu, yenye jicho jekundu. Nabwile alipewa mbegu yake na mama yake huko Kibabii, Bungoma, alipoolewa, akaja nayo imefungwa kwenye pindo la leso. Pale ambapo maharagwe mengine yaligeuka manjano na kufa, haya yalitambaa, yakafunika udongo, yakaurudishia nguvu. Dukani hayapo. Hata Bungoma kwenyewe yalikuwa yamekwisha, maana mama yake alipofariki, ndugu zake walihamia mbegu za paketi na hakuna aliyejali.

Kwa hiyo mbegu za kikundi ziliwekwa kwa Nabwile. Wenzake walikuwa wamehamia mabati na gesi, lakini yeye bado alikuwa na jiko lililoezekwa nyasi, na moshi wake ulifukuza wadudu. Mumewe, Wakoli, ndiye aliyejenga dari ya kuzikaushia juu ya mafiga. Alikuwa mtu wa mzaha. Alizoea kusema ameoa wake wawili, Nabwile na maharagwe, na kwamba huyo wa pili ndiye anayelala mahali penye joto. Ujana wake wote aliumaliza akipuliza dawa kwenye shamba la tajiri mmoja, bomba mgongoni na kitambaa puani, hadi kifua kikaharibika. Yeye ndiye aliyeshikilia sheria ya shamba: hakuna dawa, si kwenye mmea, si kwenye mbegu. Mbegu zilipakwa majivu, basi.

Walijivunia sheria hiyo, na walikuwa na haki. Jepkorir, mwenyekiti wa kikundi, alikuwa na kamchezo kake siku za wageni. Alichota maharagwe kwenye gunia la mbegu mbele ya watu, akayatia kwenye sufuria, akayachemsha, akawagawia. "Mbegu ya duka ukikula unaenda hospitali," alisema. "Yetu inaliwa!" Wageni walipiga makofi. Siku moja mmoja wa wageni hao alikuwa Wakhungu, mdogo wake Wakoli kutoka Bungoma, aliyekula sahani mbili na kusifu sana.

Halafu ukaja ule mwaka ambao mvua ilikatika mahindi yakiwa yanabeba. Nyumba zote zilikula akiba, zikala na mbegu zao ndogondogo. Yakabaki magunia mawili ya kikundi juu ya dari ya Nabwile. Wakakutana, wakakubaliana kwamba hata watoto wakilia, hayo hayaguswi hadi mvua ya Machi. Nabwile aliitikia kwa kichwa. Njaa ilipobana aliwapikia watu wake uji mwepesi na maboga, macho yake yakipanda darini na kushuka.

Mwezi wa pili kifua cha Wakoli kikamshinda. Alifia nyumbani, asubuhi, akiwa ameshikwa mkono.

Sasa, mjane wa Kibukusu hana kazi siku hizo. Anakaa chini kando ya maiti. Haingii jikoni, hasongi, hatoi amri. Watu wengine ndio wanaoendesha nyumba. Wakhungu alikuja na lori kumchukua ndugu yake akazikwe kwao Bungoma, na alikuja amechanganyikiwa. Huko nyumbani nako njaa ilikuwa imepiga, watu walikuwa wameanza kufurika, na hakukuwa na kitu cha kuweka mezani. Akazunguka nyumba ya kaka yake. Akaingia jikoni. Nabwile alisikia dari ikilia.

Wakhungu alitoka na vijana wamebeba magunia mawili.

"Mulamwa," Nabwile akasema, kwa sauti ndogo, kama mulamwa, yaani shemeji, anavyosemeshwa na mjane. "Hiyo ni mbegu."

Wakhungu akasimama. Hakuwa mtu mbaya, tuelewane. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kulia. "Iko na dawa?"

"Haina."

"Si nilikula hapa mimi mwenyewe? Mwenyekiti wenu alisema inaliwa." Akajifuta uso kwa kiganja. "Mulamwa, watu wamejaa kwa boma. Tuwaambie nini? Ati Wakoli alikuwa na chakula, akazikwa watu wakilala njaa?"

Hapo ndipo pa kusema. Angesema ni mali ya kikundi. Angesema ndiyo yote iliyobaki duniani. Lakini wazee walikuwa wameshageuka kumtazama, na shangazi mmoja alikuwa ameshaanza kukunja mdomo. Mke anayezuia chakula kwenye matanga ya mumewe! Neno hilo halifutiki, linaenda na mtu hadi kaburini, na watoto wake wanarithi. Nabwile akainamisha kichwa. Wakapakia.

Alisafiri hadi Bungoma nyuma ya lori, amekaa chini, jeneza upande mmoja na magunia upande mwingine. Mkono mmoja aliuweka juu ya mume. Ule mwingine ulikuwa juu ya gunia, na hakuna aliyeona ajabu.

Kule wanawake walikaa kuchagua maharagwe karibu na pale kaburi lilipokuwa likichimbwa, maana hapo palikuwa na kivuli. Yaliyokunjamana, yaliyovunjika na takataka walitupa kwenye lundo la udongo uliotolewa shimoni. Yaliyobaki yakaingia kwenye masufuria makubwa. Nabwile aliketi kando ya Wakoli, akasikia harufu ikija. Aliijua harufu ile tangu utotoni. Watu walidhani huyu ni jiwe, maana hakutoa chozi. Alikuwa ameshikwa na woga tu, jamani, woga uliokaa mahali pa machozi.

Siku ya maziko wenzake wa shamba walifika, wamechoka, vumbi hadi kwenye nyusi, njaa imewakaba. Wakakaribishwa kwanza, kama wageni wa mbali. Rotich, yule mrefu anayesimamia mboji, alikula kwa kasi. "Haya maharagwe ni tamu, bana," alimwambia jirani yake. "Kama yetu tu."

Jepkorir alikuwa ameshainua kijiko. Akakishusha. Akatazama sahani, akakoroga polepole, akaona lile jicho jekundu. Halafu akainua macho kupita vichwa vya watu wote hadi kwa Nabwile, na Nabwile akamtazama pia, na hawakuhitaji mkalimani.

Mtu akisusa chakula cha matanga, watu huuliza ana nini na marehemu. Na wakishauliza, hujijibu wenyewe. Mgeni wa kabila lingine ndiyo kabisa. Jepkorir akala. Alikula yote, kijiko baada ya kijiko, akafuta sahani.

Mvua haikuchelewa mwaka huo, ukatili gani! Ilikuja vizuri, ya kuloweka. Wanakikundi wakapanda mteremko na majembe yao hadi kwa Nabwile, wakicheka kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Akatoka mlangoni, kitambaa cha mjane kichwani.

"Hakuna," akasema. "Tulikula kule Bungoma."

Walichukua muda kuelewa. Rotich akashika tumbo kama linamuuma. "Si ungesema, mama? Si ungesema tu?"

"Mimi nilijua," Jepkorir akadakia. "Nilikuwa nayo kwa sahani nikajua. Na nilikula. Kwa hivyo msimwangalie yeye peke yake."

Walimwangalia yeye peke yake. Wakaenda Kitale wakarudi na mbegu za paketi, zimepakwa dawa ya rangi ya waridi. Walizipanda kimyakimya, wakanawa mikono kwa sabuni kijitoni, kile kijito chao. Zikaota, mizizi ikamaliza ule udongo mwembamba wa juu, zikaanza kugeuka manjano. Mvua ikaanza kukwangua matuta. Wengine wakaacha kuja, na salamu zao kwa Nabwile zikawa fupi.

Kisha Nekoye, mke wa Wakhungu, akapiga simu kumjulia hali. Katika kuongea akasema, "Halafu dada, kaburi ya mzee imeota maharagwe! Imejaa mpaka imefunika udongo wote. Sasa inatoa maua."

Nabwile alikaa chini pale alipokuwa, kwenye matope. Yale makapi! Yale waliyotupa kwenye udongo! Alitaka kupiga kelele. Akasema tu, "Wacha hivyo hivyo, Nekoye. Tutakuja."

"Mje lini? Na mje kufanya nini, niwaambie?"

Hapo tena ndipo pa kusema. Lakini atasemaje? Ati mjane anataka kuvuna juu ya kaburi la mumewe, kitu ambacho hakiliwi na mtu? Wangesema amerukwa na akili, au mabaya zaidi. Akaona aibu. Akasema, "Tunakuja na kikundi kuombea marehemu. Nitakwambia siku."

Alimweleza Jepkorir, na Jepkorir alicheka hadi akalia. Wakakubaliana wangoje maganda yakauke. Rotich alikuja kumsalimu Nabwile vizuri, akamletea mboji mlangoni. Siku zile Nabwile alilala usingizi. Alishona kifuko kipya cha mbegu kwa leso ya kuolewa, ile ile. Ilipofika wakati ambao alijua maganda yameanza kuwa makavu, akatuma habari kwa Nekoye kwamba wageni wanakuja Jumamosi.

Wakhungu aliwapokea langoni amevaa shati safi, furaha tele. Ua lilikuwa limefagiwa. Aliwaongoza mwenyewe nyuma ya nyumba.

Kaburini palikuwa peupe, udongo umelimwa na kupigwapigwa ukawa laini, pembeni mawe yamepangwa na kupakwa chokaa. Hapakuwa na jani.

"Nilisema wageni kutoka Kitale hawawezi kupata kaka yangu kwa kichaka," Wakhungu akasema. "Nimelima juzi, mara tu niliposikia mnakuja. Ilikuwa imejaa magugu ya maharagwe. Na vile ya kaburini mtu hawezi kula, nilichoma yote, hadi mizizi."

Alinyoosha kidole. Kando ya ua palikuwa na duara jeusi la majivu. Nabwile alikwenda pale, akapiga magoti, akayapekua kwa vidole. Alipata maharagwe machache. Yalikuwa yamepasuka, meusi, mepesi kama makapi. Akayasugua moja moja kwenye kiganja, na yakabaki unga.

Ndipo kilio kikatoka, kile ambacho hakikutoka siku ya maziko. Kilitoka kwa nguvu hata majirani wakaja kwenye ua. Wakhungu alichuchumaa kando yake, machozi yakimtoka naye, akamwekea mkono begani.

"Lia, mulamwa," akamwambia. "Lia tu. Hata sisi tulikuwa tunajiuliza kama ulimpenda."

Rotich alifungua mdomo. Jepkorir akamshika mkono, akatikisa kichwa. Kisha akaanzisha wimbo wa kanisani, na wengine wakaitikia.